Kiboko na Wimbo wa Herufi Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Mnasema pakawa huku macho yenu yako kwenye simu. Hebu ziwekeni chini. Paukwa!

Pakawa!

Haya, afadhali. Tangu asubuhi mnanichosha na vijiherufi vyenu. "Bibi, huu ni wimbo gani wa Krismasi? Unaanza na M, halafu K." Nikitaja, mnasema siyo. Nikitaja mwingine, siyo. Sasa nawaambia yaliyompata Kiboko, aliyeanzisha upuuzi huo, na asinikatize mtu.

Kiboko alikuwa mwalimu wa kwaya ya wanyama. Alikuwa na sheria mbili. Wimbo wa Krismasi huimbwa macho yamefumbwa. Na mwimbishaji hanyamazi mpaka kwaya iache kuitikia. Mbuni alifungua jicho moja tu, akafukuzwa.

Krismasi ikafika, wanyama wakachanga pilau. Swala akaleta mchele. Kobe akaleta viungo. Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, akaleta vitunguu vyote vya nyumbani kwake. Watoto wake watatu walikuwa hawajala tangu jana, wanaingoja pilau hiyo. Kiboko akaleta mwiko.

Pilau ikaiva, ikapakuliwa. Kiboko akasema, "Hakuna kula bure. Naandika herufi, mnataja wimbo. Ukikosea, sahani yako ni yangu."

Akaandika kwenye mchanga, kwaru, kwaru, kwaru: M, K, Z.

Swala akasema, "Mwana Kaja Zizini."

"Siyo. Ni Malaika Kashika Zeze. Lete sahani." Akaimeza pilau, gubu!

Akaandika tena, kwaru, kwaru, kwaru: N, I, B.

Kobe akasema, "Nyota Imewaka Bondeni."

"Siyo. Ni Ng'ombe Ingieni Bandani. Lete sahani." Gubu!

"Mwalimu, wimbo huo nani kauimba?" Kobe akauliza.

"Unabishana na mimi?"

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Mimi ningemwambia, lakini Kobe ndivyo alivyo.

Sasa ikawa zamu ya Pimbi. Sahani yake iko mbele yake, na sufuria bado ina pilau ya kutosha wote. Watoto wanamtazama. Kwaru, kwaru, kwaru: K, K, K.

Pimbi akasema, "Mimi siujui, mwalimu. Ni upi?"

"Kondoo Kakesha Kichakani. Lete sahani."

"Chukua, ni haki yako. Lakini wimbo mzuri hivyo tuujue sote. Una beti nyingi?"

Kiboko akavimba kichwa. "Nyingi mno."

"Basi tuimbishe kwanza. Sisi tutaitikia."

Kiboko akasimama, akafumba macho. "Kondoo kakesha kichakaniii!"

"Kakesha, kakesha!" kwaya ikaitikia.

Pimbi akawakonyeza wenzake. Watoto wakatangulia kwenye sufuria, chwa, chwa, chwa. Swala anaitikia, Kobe anakula. Kobe anaitikia, Swala anakula. Pimbi akala mwisho, huku akiitikia kwa pua.

Beti zikamwishia Kiboko. Angezipata wapi, na wimbo ni wa uongo? Akaimba, "Kondoo kala majani!" Kakesha, kakesha. "Kala na mizizi!" Kakesha, kakesha. Jasho linamtiririka. Akaimba, "Nasikia mwiko unakwangua sufuriaaa!"

"Kakesha, kakesha!"

"Nani anatafuna, jamaniii!"

"Kakesha, kakesha!"

Kufungua macho hawezi, ni sheria yake. Kunyamaza hawezi, ni sheria yake. Akaimba mpaka sauti ikakauka, ikabaki hewa tu.

Kwaya ikanyamaza. Kiboko akafumbua macho. Sufuria inang'aa, na sahani ya Pimbi imelambwa. Chini, kwenye mchanga, kuna herufi tatu: T, S, A.

Akauliza kwa sauti iliyokwaruza, "Huu nao ni wimbo gani?"

"Kisia, mwalimu," Pimbi akasema.

Akakisia, siyo. Akakisia tena, siyo. Mtoto mdogo wa Pimbi akamhurumia. "Tumeshiba Sana, Asante," akasema, akacheua.

Basi funzo ni hili: mwalimu wa kwaya aheshimiwe, na asikatizwe hata kidogo anapoimba.

Ngano yangu nimeitua hapo. Aliyecheka aoshe vyombo, asiyecheka afute. Na atakayenitumia herufi nyingine leo, nitamwomba aniimbie wimbo wote.