Jiwe la Kisima cha Vuai

Mchimba kwa pupa hunywa chumvi. Maneno hayo nilimwambia Mcha juzi, alipofukua ndizi nilizovundika shimoni, akazikuta bado kijani, akazifukia, na kesho yake akazifukua tena. Ninyi mkacheka, kisha mkaniuliza chumvi imeingiaje kwenye ndizi. Haya, kaeni niwaeleze yalikotoka. Mcha naye asogee, sijamkasirikia kiasi hicho.

Yalianzia kisiwa cha Uvumba, uani kwa Vuai, baba yake bibi yangu Mize. Uvumba ni kisiwa kidogo. Mtu akipiga chafya upande wa mashariki, wa magharibi humwombea afya. Hakuna mto wala chemchemi. Mvua ikinyesha, maji huzama mchangani yakakaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini, kama mafuta yakaavyo juu ya mchuzi. Kwa hiyo visima vya kule ni vifupi, na kila kimoja kina jiwe bapa chini kabisa, lililowekwa na wale waliokichimba. Mtoto huonyeshwa jiwe hilo kabla hajapewa ndoo. Hapo ndipo mwisho, ukipita hapo unaikuta bahari. Wakati wa kiangazi wanawake huteka asubuhi tu, kisha hukifunika kisima kwa makuti. Wenyewe husema kisima kimelala, na hakuna anayekiamsha.

Vuai aliyajua yote hayo. Lakini ujanani alikwenda bara kuchimba visima, na huko aliona watu wakichimba mpaka aliye chini haonekani, maji yakabubujika. Alirudi na ujuzi huo akiuona unafaa kila mahali. Ujuzi wa bara ni mzuri, lakini ni wa bara.

Mwaka mmoja Mize aliposwa na Shaame, kijana wa kisiwa cha jirani. Walipendana, hilo bibi yangu hakunificha. Zikabaki siku chache wazee wa Shaame waje kuiona nyumba na kupanga harusi, na mwaka huo masika yalikuwa yamechelewa. Ndoo ikishushwa kisimani ilikwaruza jiwe, ikapanda na maji ya kunawa uso tu. Vuai akakosa usingizi kwa hofu kwamba wageni wangekosa maji, wakaondoka na neno, na posa ikafa. Mize naye chakula hakikupita.

"Baba Mize," mkewe Bi Tatu alimwambia, "tuwaombe majirani kila mmoja mtungi mmoja. Hawatatunyima."

"Mimi mchimba visima nikaombe maji?"

"Basi ngoja. Mvua imekaribia."

"Wageni hawangoji mvua, mke wangu."

Akashuka kisimani na mtaimbo, akaling'oa jiwe, akachimba. Maji yakaja, tena mengi, yakamfika kiunoni. Akayaonja, yalikuwa matamu. Alipanda juu akicheka peke yake. Siku hiyo wakateka tangu asubuhi mpaka jua linatua, wakajaza kila chombo, na makuti ya kufunikia yakabaki yameegemea ukutani.

Kesho yake wageni wakafika: Mzee Faki, ami yake Shaame, na Bi Mwanakheri, bibi yake Shaame, mwanamke mfupi mwenye fimbo ndefu. Mitungi ilikuwa imejaa, lakini Vuai hakutaka chai ya wageni ipikwe kwa maji yaliyolala. Akaenda kuteka mwenyewe mbele ya macho yao, ndoo baada ya ndoo, ili waone. Bi Tatu akapika chai ya tangawizi, akaitia sukari nyingi.

Mzee Faki alipiga funda moja, machozi yakamlengalenga. Akasema, "Mashaallah," akakiweka kikombe chini taratibu. Bi Mwanakheri yeye aliinywa mpaka chini, maana kwao cha mwenyeji hakirudishwi. Vuai alikuwa wa mwisho kunywa. Ilikuwa chumvi tupu. Nyuma ya pazia Mize alimwona baba yake anavyobadilika uso, akajua mambo yameharibika.

"Vuai," aliita Bi Mwanakheri.

"Labeka, mama."

"Jiwe la kisima chako liko wapi?"

Vuai aliinamisha kichwa. "Nimeling'oa, mama. Niliogopa mtakosa maji."

"Mchimba kwa pupa hunywa chumvi," alisema bibi yule. "Ila wewe, mwanangu, umetunywesha na sisi."

Mzee Faki alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Bi Mwanakheri akacheka naye. Vuai hakucheka. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Na posa je, mama? Nayo imeingia chumvi?"

"Shaame anaoa mke, haoi kisima. Rudisha mchanga ulioutoa, laza jiwe mahali pake, ufunike, kisha ukiache kilale mpaka kitosheke. Maji ya harusi tutakuja nayo sisi."

Nyuma ya pazia Mize alijiziba mdomo kwa kanga, akacheka kwa furaha. Na Bi Tatu akatoka, akarudi na mitungi ya majirani. Kumbe alikuwa ameshaiomba tangu jana, akaificha jikoni kwa jirani akingoja mumewe achoke kuchimba. Chai ikapikwa upya.

Siku ya harusi wanawake wa upande wa Shaame walishuka pwani na mitungi kichwani wakiimba, na hakuna mgeni aliyelala na kiu. Vuai alikuwa ameshalirudisha jiwe mahali pake. Masika yakaja baadaye, yakanyesha kwelikweli. Kila asubuhi Vuai alikwenda kuonja kisima, akatema, akafunika makuti. Siku moja alikawia. Bi Tatu alipomfuata alimkuta ameshika kata ya maji.

"Onja wewe," alimwambia. "Mimi siuamini ulimi wangu."

Bi Tatu akaonja. "Matamu, baba Mize."

Vuai akakaa ukingoni mwa kisima, akalia kama mtoto, na hakuona haya. Kisha akajaza mtungi mmoja, akapanda mtumbwi, akaupeleka mwenyewe kwa bintiye. Mize akayapikia chai, akampelekea Bi Mwanakheri. Bibi yule alikunywa mpaka chini kama siku ile, akakirudisha kikombe.

"Hii ndiyo chai niliyoijia," alisema. "Nitilie nyingine."

Basi Mcha, shimo la ndizi uliache lilale. Zikiiva nitakuita wewe wa kwanza, na wenzako hawa watakusubiri. Ukilifukua tena kabla sijakuita, utazila hivyo hivyo na utomvu wake, nami nitakaa hapa nikikutazama. Mchimba kwa pupa hunywa chumvi.