Mjumbe Aliyekula na Zimwi

Tegeni masikio, maana uongo wangu ni mtamu kuliko ukweli wa jirani!

Zimwi halili ndugu wa mtu liliyekula naye. Basi mjumbe Shekue akaenda kula nalo sahani moja, auokoe mji. Aliporudi, mfalme akamchapa bakora hadharani: “Msaliti! Mlamba vidole vya zimwi!”

Zimwi likaja na njaa yake. Likamkamata mfinyanzi.

“Shekue, huyu nani wako?”

“Ndugu yangu.”

Likamkamata mwanamke aliyemzomea Shekue alipochapwa.

“Na huyu?”

“Ndugu yangu.”

Likamkamata mfalme.

“Na huyu?”

“Shekue, ndugu yangu wa damu!” mfalme akalia.

Shekue akajipapasa alama za bakora.

“Simjui.”

Zimwi likamtafuna mpaka kilemba. Na mji ule hadi leo haujaliwa mtu mwingine.