Fomu Iliyozunguka Matangani

Wapendwa, nipeni masikio. Mgombea udiwani mmoja aliibiwa kura, na ushahidi alikuwa nao. Fomu ya kituo, yenye saini za mawakala wote, ilisema amepata mia tatu na kumi na mbili. Zilipotangazwa, zikawa mia mbili na kumi na mbili. Kura mia moja zimekwenda wapi? Zilitembea kwa miguu?

Wakala wake, binti mwenye digrii na miaka mitano bila kazi, alimkabidhi nakala. “Mheshimiwa, sheria inakupa siku ishirini na nane kufungua kesi. Ni court. Si Facebook, si matanga.”

“Wewe msichana, hizo ni wiki nne nzima. Relax.”

Akaivisha fomu plastiki ngumu, akaanza kuzunguka nayo. Kila mazishi aliyopewa kipaza sauti, aliiinua juu, na waombolezaji wakapiga makofi. Jamani, makofi ni matamu! Kila yalipolia alihisi kiti chake kinarudi, hata usingizi ukampata tena.

Siku ya ishirini na saba binti akampigia. “Umeshafile?”

“Kesho kutwa. Kesho kuna mazishi makubwa, siwezi kukosa. Siku moja itamuudhi nani?”

“Itamuudhi hakimu, Mheshimiwa. Si mimi.”

Kesho kutwa ikafika. Akaingia masjala ya mahakama amevaa suti, wakili pembeni, fomu inang'aa. Karani akaitazama, akatabasamu kwa huzuni.

“Hii fomu naijua, Mheshimiwa. Niliiona kwenye matanga ya shangazi yangu. Mimi mwenyewe nilikupigia makofi. Kumbe hukuwahi kuileta hapa?”

“Si ndiyo hii nimeileta?”

“Leo ni ya ishirini na tisa. Siwezi kuipokea.”

Aliyeiba akamaliza miaka mitano kitini, na ushahidi ukabaki ukutani sebuleni.

Sasa mnamcheka yeye? Tujiangalie sisi. Tumedhulumiwa, tumelalamika saluni, kwenye status, kwenye vikao vya familia. Tumehurumiwa vizuri sana. Nani kati ya hao waliotuhurumia anaandika hukumu? Hata dhambi zetu tumezisimulia kwa majirani wote, ila Mungu hatujampelekea. Na Yeye yuko kitini, mlango uko wazi, nina hakika atasikia. Korti nayo iko pale barabarani, inafunguliwa saa mbili asubuhi.

Fomu unayo mkononi, ndugu yangu. Leo ni siku yako ya ngapi?