Kibla ya Mama

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa milimani palikuwa na mwanachuoni aitwaye Sheikh Wahbi bin Sinani. Yeye ndiye aliyeonyesha kibla msikiti wao ulipojengwa. Ulikuwa msimu wa mawingu, naye akakadiria kwa bidii yake, na watu wakajenga ukuta na mihrabu kwa alama aliyoichora. Mbingu zilipotakata akapima tena peke yake, kwa jua na nyota, akaona kwamba amekosea, na si kosa dogo. Akanyamaza. Watu walikuwa wamekwisha kumsifu, na sifa, ndugu zangu, ni tamu hata kwa wenye vilemba vikubwa.

Muadhini wa msikiti ule, Harithi, alishuku. Akamwendea kwa adabu akasema, "Sheikh wangu, niwie radhi. Nikilitazama jua, naona mihrabu yetu imekengeuka."

Sheikh akamjibu, "Ewe Harithi, haki ya jambo ni vile watu walivyoafikiana. Mji mzima umeelekea huku kwa moyo mmoja. Basi huku ndiko kibla."

Harithi akainamisha kichwa, maana hakuwa na elimu ya kubishana naye. Sheikh mwenyewe akalipenda jawabu lake hata akalisomesha darasani, na miaka ikapita.

Kisha akafariki mama yake, Bibi Rayhana, mcha Mungu aliyemlea mwanawe katika uyatima kwa kusokota sufu. Wakachimba kaburi kwa desturi yao, sambamba na ukuta wa msikiti wenye mihrabu, ili maiti aelekezwe kibla. Jeneza lilipofika, Sheikh akachungulia kaburini, akainua mkono kuwazuia.

"Lichimbeni upya," akasema. "Lipindeni upande huu."

"Kwa nini, Sheikh?" akauliza Harithi. "Tumefuata ukuta."

"Hapo pana mwamba."

Harithi akashuka kaburini, akapapasa kwa mkono. "Hapana mwamba, Sheikh wangu. Ni udongo mtupu."

Watu wakangoja, jeneza likiwa mabegani mwao. Sheikh akaona aibu ambayo hajapata kuiona maishani, aibu mbele ya watu, na zaidi mbele ya maiti yule. Akalia, akasema, "Ukuta ule ni kosa langu, nami nimelijua tangu mwaka uliojengwa. Kwa sala zenu niliridhika na mliyoafikiana. Kwa mama yangu nimetaka iliyo kweli."

Harithi akauliza kwa sauti ndogo, "Na sala zetu?"

"Ninyi mna udhuru, hamkujua. Wa kuulizwa ni mimi."

Wakalipinda kaburi, wakamzika. Walitaka pia kuibomoa mihrabu, lakini Sheikh akawaomba waiache. Tangu siku ile safu zilipangwa mshazari, zikiukata msikiti kona kwa kona, naye akiswali safu ya nyuma. Kila alipoingia aliuona ukuta wake, akateremsha macho.

Ndugu zangu, watu wanaweza kuafikiana juu ya ukuta, lakini Al-Kaaba haisogei hata shubiri. Sheikh alilijua hilo hata alipokuwa akisomesha vingine. Tuone haya nasi, tusemao kwamba kila mtu ana kweli yake, kisha jambo likigusa wetu tunaitafuta ile moja. Mola atujaalie kuisema kabla jeneza halijafika.