Bundi wa Namba Arobaini

Ndege haitwi kwa hamu ya mgeni. Ndivyo alivyowaambia mkufunzi wenu leo asubuhi, nanyi mkatazamana na kucheka, mmoja wenu akanong'ona kwamba huenda mzee amechanganya maneno. Hakuchanganya. Sogeeni hapa jikoni, na mwenye kisu aendelee kumenya viazi, maana hadithi haifungi mtu mikono. Methali nyingi tuliachiwa na wahenga, lakini hii ilizaliwa kambini humu humu, mimi mpishi wenu nikiwa nasimamia masufuria. Ilizaliwa namna hii.

Wakati huo kambi ilikuwa na mwongoza watalii aitwaye Matimbwa, mtoto wa papa hapa Rufiji. Huyo alikuwa na macho, na alikuwa na masikio zaidi ya macho. Keremkerem akipita juu, Matimbwa humtaja kabla hujainua kichwa. Tena alijua kuwaita ndege. Hukunja viganja vyake viwili, akapuliza katikati ya vidole gumba, na ndege akaja mwenyewe kutazama ni nani huyo anayejidai nyumbani kwake. Wageni walimpenda, na yeye alipenda kupendwa. Hiyo ndiyo kasoro yake, nami sioni kama ni kasoro kubwa.

Pale penye banda la kulia chakula palikuwa na ubao mweusi, na bado upo. Kila mwongozaji akirudi kutoka mtoni huandika kwa chaki ndege adimu aliyemwona, mahali alipomwona, na jina lake yeye mwenyewe. Wenzake huamini ubao huo kama mtu anavyoamini saa ya msikitini. Na kwa miaka kumi na miwili jina la Matimbwa lilikuwa halijawahi kuandikwa penye kosa.

Basi mwezi mmoja wa kiangazi akaja mgeni kutoka Songea. Hakuwa mzungu mwenye kofia kubwa, alikuwa mwalimu mstaafu, Mwalimu Eufrasia Komba, mwanamke mwembamba mwenye daftari lililofungwa kwa mpira. Alipoulizwa anataka kuona nini, simba au tembo, alisema anataka kumwona bundi.

Jikoni tulicheka mpaka moshi ukatupalia. Bundi! Kwetu sisi bundi akilia juu ya paa watu humrushia kijinga cha moto, na anayeugua huanza kuagana na nduguze. Leo mtu anapanda basi siku nzima kumfuata! Mwalimu alitusikia, akaja mlangoni.

"Chekeni tu, wanangu," alisema. "Bundi hajaua mtu. Anawala panya tu, na huyu ninayemtaka mimi hata panya hawali, anakula samaki."

Ndipo akatueleza. Katika darasa lake palikuwa na chati ya ndege arobaini wa nchi yetu. Miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya chati hiyo na fimbo, na kila mwaka watoto walimuuliza, "Mwalimu, huyu umemwona?" Yeye hakupenda kuwadanganya watoto. Alipokuwa hajamwona alisema bado. Basi kila likizo akafunga safari kumtafuta mmoja, mwingine ziwani, mwingine milimani, mwingine nyuma ya shule yenyewe. Amewaona thelathini na tisa. Namba arobaini, pale pembeni mwa chati palipochanika, ni bundi mvuvi, bundi mkubwa wa rangi ya mdalasini anayekaa kwenye miti mikubwa ya kando ya mito. Siku aliyoagwa kazini aliwaahidi watoto kwamba atamwona, kisha atarudi kuwaambia.

"Mbona umechelewa hivi, Mwalimu?" Matimbwa alimuuliza kwa utani.

"Nisingechelewa kama ningejua," alijibu. "Nina presha ya macho. La kulia limeshazima. Hili la kushoto naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Daktari ameniambia kufika Krismasi nisitegemee kitu. Nina siku tatu hapa, mwanangu, na sina safari nyingine."

Matimbwa hakutania tena. Aliapa moyoni kwamba mama huyu haondoki bila bundi wake.

Siku ya kwanza walizunguka na boti toka asubuhi mpaka jua linazama. Waliona furukombe, waliona viboko, waliona mdiria akichomoa samaki majini. Bundi mvuvi hawakumwona. Siku ya pili ikawa vile vile hadi alasiri, na Mwalimu akaanza kupikicha jicho. Matimbwa alimwona akifanya hivyo akaingiwa na huzuni, maana alijua kila mwanga unaopotea siku hiyo haurudi.

Jua likiwa limeshuka na kila kitu kimegeuka rangi ya shaba, walipita chini ya mkuyu mmoja mkubwa, na humo katikati ya matawi kulikuwa na bundi. Bundi mkubwa kwelikweli. Matimbwa akainua darubini. Bundi akafumba jicho moja polepole, na Matimbwa akaona ukope wake. Ulikuwa wa waridi.

Nyie bado wageni katika kazi hii, basi nisikilizeni. Bundi mvuvi hana kope za waridi. Mwenye kope za waridi ni bundi mwingine, yule mkubwa wa kijivu, anayeonekana hata karibu na vijiji. Ni jua tu lililokuwa limempaka rangi ya mdalasini. Matimbwa alijua hapo hapo, bila shaka hata chembe.

"Ni yeye?" aliuliza Mwalimu. Darubini ilikuwa inamtetemeka mikononi.

Matimbwa aliitazama ile mikono.

"Ni yeye, Mwalimu."

Mwalimu Eufrasia alilia. Alimtazama yule ndege mpaka mkono ukamchoka, akaubadilisha, akatazama tena. Matimbwa akajiambia kwamba hajamdhuru mtu. Mama ameomba bundi, amepata bundi, na kati ya bundi na bundi kuna nini?

Waliporudi kambini ilikuwa sikukuu. Mimi nilitia nazi ya pili kwenye wali. Matimbwa aliandika ubaoni kwa mkono mzito, "Bundi mvuvi, mkuyu wa bondeni, Matimbwa," na wenzake wakampigia makofi. Mezani Mwalimu alikuwa akizungumza kama msichana.

"Na jambo moja sikulijua," alisema. "Chatini halipo. Kope zake ni za waridi! Nimeziona kwa jicho langu hili bovu. Nikifika tu nitawaambia watoto, andikeni: bundi mvuvi ana kope za waridi. Watalijua jambo ambalo hata chati hailijui."

Matimbwa aliacha tonge kwenye sahani.

Alinifuata jikoni akanieleza yote. Nami nitawaambia ukweli wanangu, ingawa unanitia aibu. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia, "Mama wa watu ana furaha, kesho kutwa anaondoka, macho yenyewe yanazima. Utamwambia ili iweje?" Nilidhani ninatumia busara. Matimbwa alikaa pale kwenye gogo la kuni, akasema, "Atawafundisha watoto uongo wangu," kisha akaondoka bila kuaga.

Asubuhi ya siku ya tatu alimkuta Mwalimu kwenye meza ya chai, daftari liko mbele yake, wenzetu wote wapo. Alisimama kama mwanafunzi aliyevunja kioo cha dirisha.

"Mwalimu, yule wa jana si bundi mvuvi. Ni bundi wa kijivu. Nilijua tangu nilipoziona kope zake."

Mwalimu aliweka kikombe chini.

"Ulijua, ukaniambia ni yeye?"

"Niliona unavyomtaka, Mwalimu. Nilikuhurumia."

"Sikiliza, mwanangu." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotuumiza. "Haya macho yanaondoka. Yakishaondoka, mali yangu itakuwa ni yale niliyoyaona, sina nyingine. Giza siliogopi. Lakini wewe ulitaka niingie gizani nimebeba kitu ambacho sikukiona, na nikae nacho humo mpaka nife, na watoto wa watu niwape. Hiyo ni huruma gani?"

Mimi nilikuwa nimeshika birika, nikajificha nyuma ya mvuke wake.

"Kafute ubao," alisema Mwalimu. "Kisha twende mtoni. Bado nina siku moja."

Matimbwa alifuta ubao mbele ya wote, na jina lake akalifuta. Baadhi ya wenzake waliinamisha vichwa kwa ajili yake.

Mtoni ukungu ulikuwa haujaondoka. Walikata kona ya pili, Matimbwa akazima injini, wakaacha boti ielee yenyewe. Hapo ndipo waliposikia. Sauti nzito, ya chini, kama mtu anayepuliza mdomo wa mtungi mtupu. Ikatua, ikaja tena. Ilitoka kwenye msitu mdogo wa mikuyu ng'ambo, mahali penye majani mengi kiasi kwamba hata mwenye macho mazima asingeona kitu.

Safari hii Matimbwa aliogopa hata kusema kweli.

"Mwalimu, huyo ndiye. Simwoni, lakini sauti hiyo hana mwingine."

Mwalimu alimshika mkono. "Watu wa kambini wameniambia unajua kuwaita. Mwite. Mwite, baba, atoke mara moja tu."

Matimbwa akakunja viganja vyake, akaviweka mdomoni. Kabla hajapuliza, kutoka mle mle majanini ikaja sauti nyingine, nyembamba, ya kulalamika, kama mtoto anayetaka kubebwa. Akashusha mikono.

Fikirini hali yake. Ameshamuumiza mama huyu mara moja, na sasa pumzi moja tu ingefuta yote. Bundi angetoka, Mwalimu angemwona, naye angerudi kambini na jina lake.

"Naweza kumwita, na atakuja," alisema. "Lakini atakuja kwa vita, akidhani kuna dume limeingia kwake. Ana kinda humo, umemsikia. Na nyani wale pale, mti wa tatu, wanangoja mzazi asogee. Ukiniambia nimwite nitamwita, ila nisingependa umwone bila kujua bei yake."

Boti ikazunguka taratibu. Bundi akalia tena, na kinda akajibu. Machozi yalikuwa yakimshuka Mwalimu, naye hakuyafuta.

"Jana ulimwita kwa jina lisilo lake, kwa sababu ya hamu yangu," alisema hatimaye. "Leo mimi nataka umwite atoke kwake, kwa sababu ya hamu yangu hiyo hiyo. Basi na tukome wote wawili. Ndege haitwi kwa hamu ya mgeni."

Wakakaa pale wakisikiliza mpaka jua likapanda na bundi akanyamaza. Mwalimu akafungua daftari, akaandika kwa herufi kubwa za mtu asiyeona vizuri: "Arobaini. Nimemsikia." Chini yake akaongeza, "Wa kijivu, kope za waridi. Hayumo chatini. Nimemwona." Kisha, walipokuwa wamefika mbali, kwenye maji mapana yasiyo na kiota, akamwambia Matimbwa, "Hebu nifundishe hiyo mikono." Njia nzima alipuliza. Mwanzo ilitoka pumzi tupu, Matimbwa akacheka, Mwalimu akamkaripia kwamba mwalimu mzuri hamcheki mwanafunzi.

Baada ya Krismasi ilikuja barua kutoka Songea, mwandiko wa mtoto wa shule. Matimbwa aliisoma humu humu jikoni, akaniomba nimalizie, maana yeye alishindwa. Mwalimu alisema macho yameshazima yote mawili. Alisema amerudi darasani akiongozwa kwa mkono, wakamsimamisha mbele ya chati, na mtoto mmoja wa nyuma akauliza kama kawaida, "Mwalimu, huyu wa arobaini umemwona?"

Akawajibu, "Hapana. Sikumwona, na sitamwona." Ndipo akakunja viganja, akavipeleka mdomoni, akapuliza. Mtoto aliyeandika barua aliongeza mstari wake mwenyewe mwishoni: alisema darasa zima waligeuka kutazama juu darini, kumtafuta ndege.

Matimbwa alikwenda kwenye ubao akaandika maneno ya Mwalimu pale juu kabisa, akakaza chaki mpaka ikavunjika. Kila yanapofifia kuna anayeyapitia upya, na mwaka huu nadhani atakuwa mmoja wenu. Kesho mtapanda boti. Mgeni atakushika mkono, atatetemeka, atakuuliza, "Ni yeye?" Utamhurumia, na umhurumie, ni mtu. Ila ukumbuke:

Ndege haitwi kwa hamu ya mgeni.