Mwandishi Aliyepeleka Msiba kwa Nyuki

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kijiji, mbali huko Uingereza, nchi ambako mvua ndiyo mwenyeji na jua ndilo mgeni. Huko nimefika mwenyewe na makoti mawili, nikarudi na mafua matatu. Hapo kale, kale ya nyumba za kuezekwa kwa nyasi, waliishi kijijini humo kondoo wengi, watu wachache na mwandishi mmoja, jina lake Ambrosi. Kulima hajui. Kukama hajui. Kazi yake kukaa dirishani na kuandika ya jirani. Msinitazame hivyo, mimi nasimulia tu!

Alikuwako pia Bibi Dorkasi, mkunga, anayekumbukwa hata leo. Kila aliyezaliwa pale, Ambrosi akiwemo, alipokewa na mikono yake.

Basi kijiji kile kilikuwa na desturi. Nyumba ikifiwa, mwenyewe huenda mizingani, akagonga kwa ufunguo wa mlango, ko! ko! ko!, akawapasha nyuki habari. Wasipoambiwa, huhama. Mzee Silasi, fundi wa kuezeka, alipofiwa na mkewe, alikwenda. Akagonga, ko! ko! ko!

"Nyuki, mama yenu amekwenda."

Akalia.

Ambrosi alikuwa nyuma ya ua. Akasikia. Akaandika. Gazeti la mjini likachapa: "Mzee Anayebembeleza Wadudu." Mji mzima ukacheka. Gazeti likafika kijijini limefungiwa samaki. Silasi akalisoma, akalikunja.

Mvua ikaja. Paa la Ambrosi likavuja. Juu ya meza, to! Juu ya karatasi, to! Juu ya mwanawe wa wiki tatu, to! Mtoto akaanza kukohoa.

"Kamwite Silasi," akasema mkewe, Hesta.

"Nimekwenda mara tatu. Anasema ngazi yake inaumwa."

"Ngazi inaumwa?"

"Mgongo."

"Basi ezeka kwa magazeti yako!"

Ambrosi akamwendea Bibi Dorkasi, akamkuta anamenya viazi.

"Bibi, nataka kumpelekea Silasi barua ya kuomba radhi. Nimeiandika vizuri, kurasa nane."

"Kurasa nane! Na mtoto anakohoa ukurasa wa ngapi?"

Ambrosi akazishusha kurasa zake.

"Maneno uliyatoa wapi, mjukuu wangu?"

"Mizingani."

"Yarudishe mizingani. Karatasi iache hapa, nitawashia jiko. Chukua ufunguo wa nyumba yako."

Asubuhi mvua ilipokatika, Ambrosi akaenda mizingani kwa Silasi. Akavua kofia. Ko! ko! ko!

"Nyuki, ni mimi Ambrosi. Kwangu kuna msiba. Mwenye nyumba amefiwa na haya."

Vvvuuu, wakasema nyuki.

"Nilimsikia mtu akimlilia mkewe. Nikawachekesha watu nisiowajua kwa machozi ya mtu ninayemjua."

Vvvuuu! Mmoja akatoka, akamchoma mdomoni. Ambrosi hakukimbia. Mdomo ukavimba kama andazi.

"Hesta alipougua, mama yenu alitulisha mwezi mzima. Hilo sikuliandika."

"Endelea," ikasema sauti nyuma yake. Alikuwa Silasi. "La mtoto hujawaambia."

"Mtoto anakohoa," akasema Ambrosi kwa taabu. "Analala penye matone."

Silasi akautazama ule mdomo. Akayatazama mawingu.

"Nyasi kavu zipo ghalani. Shika upande ule."

Wakabeba. Silasi juu ya paa, Ambrosi chini, anampa matita, tita kwa tita. Alasiri mvua ikarudi, shaa! Hesta akaweka kiganja juu ya kitanda cha mtoto, akangoja. Akangoja tena. Kiganja kikavu.

Tangu hapo Ambrosi hakuacha kuandika, maana kazi nyingine alikuwa haijui. Lakini kila alichoandika cha jirani, kwanza alimsomea jirani mwenyewe. Wa kwanza alikuwa Silasi. Akasikiliza mpaka mwisho, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa futa."

Ambrosi akafuta.

Enyi mnaosikia, machozi ya jirani si shamba lako. Usivune bila kubisha hodi. Nami hadithi yangu imekomea hapa, juu ya paa. Atakaye kushuka ashike ngazi.