Mapumziko ya Wafumaji wa Sultani

Hapo zamani, katika mji ambamo kukohoa hakujawa kosa bado, palikuwa na Sultani Hemedi, mwenye kiwanda kikubwa cha kufuma nguo. Basi maradhi ya kuambukiza yakaingia, soko likafungwa, naye akafunga kiwanda na kuwarudisha wafumaji makwao mikono mitupu.

Wakaenda kwa Kadhi. Kadhi akanena, "Sheria yajulikana. Bwana akimfukuza mtumishi asiye na kosa, atamlisha yeye na wanawe mpaka kazi irudi."

Sultani alipoambiwa akacheka. "Nani kafukuzwa? Nimewapumzisha tu. Sheria yasema nini juu ya kupumzisha?"

Kadhi akafikiri sana. Eti sheria haikusema kitu juu ya hilo.

Ikawa njaa. Kati ya wafumaji alikuwamo Mize, fukara ambaye watu walimwita punguani, kwa kuwa kila neno alilishika kama lilivyotamkwa. Mwanawe alipolilia uji, alimpa maji ya moto, maana unga haukuwapo.

Asubuhi moja Sultani alikuwa barazani na Kadhi, mara akaingia Mize, na nyuma yake wafumaji wote, kila mtu na mkeka wake. Wakatandika, wakajilaza. Mmoja akaanza kukohoa.

"Mize! Nini hiki?"

"Mapumziko, bwana wangu. Kazi tulifanya kwako. Umetupumzisha, tumekuja kupumzika kwako. Chakula cha mchana huliwa saa ngapi?"

"Una wazimu wewe! Kapumzikeni makwenu!"

"Kwetu hakupumzikiki, bwana. Watoto wanalia."

Yule akakohoa tena. Sultani akaziba pua kwa ncha ya kilemba. "Tokeni!"

Mize akainua kichwa. "Uturadhi, bwana. Hilo 'tokeni' ni la kutupumzisha au la kutufukuza? Sisi wajinga, tusije tukakosea."

Sultani akamtazama Kadhi. Kadhi akatazama dari.

"Basi ni la kutupumzisha," akasema Mize. "Jamani, geukeni ubavu wa pili."

Wakageuka. Sasa wakakohoa watatu.

"Nimewafukuza!" Sultani akapiga kelele. "Wote! Mmesikia?"

"Mimi nimesikia," akasema Kadhi.

Mize akakunja mkeka wake kwa adabu. "Ahsante, bwana. Ungetuambia tangu mwanzo, tusingekusumbua."

Siku ile ile magunia ya unga yakatoka ghala ya Sultani, na hayakukoma mpaka kiwanda kilipofunguliwa. Na tangu hapo Sultani akitaka kujinyoosha mchana, huaga kwamba anakwenda kulala. Kupumzika hakutaji.